Alichobeba Thembo Kutoka Maliba

Nakumbuka siku moja ya soko, jua limesimama juu ya Bwera kama mgeni asiyetaka kuaga, ua wetu umejaa watu wenye fimbo, nami niko mlangoni mwa jikoni na mwiko mkononi, nikiamini kabisa kwamba mwiko ule utamwokoa kaka yangu. Usicheke, mwanangu. Mtu hupigana na alicho nacho, na mimi maisha yangu yote nimekuwa na mwiko.

Wengi wenu mnanijua tu kama Shangazi Masika, yule anayenung'unikia chumvi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Jogoo wa ng'ambo, upande wa Kongo, akiwika, sisi huku huamka, na bado sijalala Kongo hata mara moja. Nilisoma sekondari kule Kasese, nikarudi na cheti pamoja na hamu kubwa ya kutokwenda popote tena. Wenzangu waliolewa mbali. Mimi wakanisema kwamba nimeolewa na mafiga. Sikubisha. Mafiga hayajawahi kurudi nyumbani yamelewa.

Aliyetoka ni kaka yangu Thembo. Aliingia jeshini pamoja na rafiki yake Baluku, kijana wa Munkunyu, mwana wa pekee wa mama yake. Wale wawili walikuwa kama kucha na kidole. Wakija likizo, Thembo aliagiza chai kwa sauti ya paredi, na mimi nikamjibu, "Subiri, afande, maji hayajapokea amri ya kuchemka." Baluku alicheka mpaka akashika ukuta. Alikula kwetu kama kwao, na mama yake akipita kwenda sokoni Mpondwe hakupita bila kuingia kwetu kutusalimu.

Basi mwaka huo kitu kilianguka kutoka angani, juu ya Maliba, kwenye miteremko ya Rwenzori wanakolima kahawa. Watu wa Kasese mjini walisema wameusikia mshindo. Sisi wa Bwera hatukusikia chochote, lakini kabla jua halijazama, sisi ndio tuliokuwa tunakijua zaidi. Wengine walisema ni ndege isiyo na mabawa. Wengine walisema ni sahani ya chuma yenye madirisha. Habari ilipofika Mpondwe, ambako madereva wa malori hungoja forodha wakiwa na muda mwingi na kazi ndogo, sahani ikapata abiria: viumbe wafupi, wenye vichwa vikubwa na macho ya samaki. Jeshi likazingira mahali pale, raia wasikaribie. Na mlango ukishafungwa, mwanangu, kila mtu hujichorea chumba anachokitaka.

Kisha ikaja picha. Mtu fulani, kutoka ng'ambo ya korongo, alipiga kwa simu yake mwanajeshi mmoja akishuka kwenye kijia chembamba. Amevaa glavu. Begani amebeba kitu kilichofungwa ndani ya turubali, kimekunjamana, si kirefu sana. Kichwa ameinamisha, lakini uso unaonekana. Alikuwa Thembo wetu.

Aliyenionyesha ni Musafiri, muuza vitenge kutoka Butembo, Mkatoliki wa kweli, rozari shingoni wakati wote hata akipunja bei. Picha ilikuwa imeshapita kwenye simu nyingi kabla ya yake. Watu walikuwa wakiiita "askari aliyembeba mtu wa mbinguni". Musafiri hakucheka. Aliishusha sauti.

"Dada Masika, minakuambia kama ndugu. Kule kwetu tulishaona mambo. Batu bakianza kutaja jina ya mutu mumoja, kesho beko ku mulango yake."

Nilimwambia aache kunitisha, nikanunua kitenge nisichokihitaji, nikarudi nyumbani mbio. Mimi, ambaye sikimbii hata mvua.

Siku chache baadaye Thembo akaja. Hakuagiza chai. Alisimama uani, akatusalimu kwa mbali, mikono ameiweka nyuma. Bibi yetu mzaa baba, ambaye sisi Wakonzo humwita Mukaka, alimnyooshea mkono. Thembo akarudi nyuma hatua. Nilidhani Mukaka atakasirika. Alimtazama tu, akaurudisha mkono wake kwenye ungo wa maharagwe, akaendelea kuchambua.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo kijiji kizima kilipojikwaa. Kwetu bundu, ugali wetu wa muhogo, huliwa kutoka kikapu kimoja. Kila mtu humega pale pale, mtoto na mzee, mgeni na mwenyeji. Anayekula peke yake ana ugomvi, au ana ugonjwa, au ana jambo. Thembo aliomba sahani yake. Aliichukua akaenda kukaa nyuma ya ghala, peke yake, mgongo ukutani. Usiku alilala ndani ya ghala hilo hilo, chini, akakataa kitanda. Nilimfuata nikamwuliza ana nini. Alijibu bila kunitazama, "Usiniulize, Masika. Afande amesema midomo ifungwe. Na hata asingesema, neno hili si langu."

Mimi nilielewa nusu ya kwanza tu.

Majirani waliiona ile sahani, kwa sababu ua wetu ni wa miyaa iliyosukwa, na miyaa ina macho. Kufikia kesho yake ilikuwa imeshathibitishwa: Thembo amemgusa kiumbe, mwili wake una sumu ya angani, ndiyo maana hataki kugusana na watu. Kisha watoto wakaanza kuumwa macho. Macho mekundu huja kila mwaka pamoja na vumbi, lakini mwaka ule yalipata mwenyewe. Mbuzi wa jirani akafa; naye akawa wa Thembo. Wazee walipojaribu kutuliza mambo, vijana wakawajibu kwa methali, lisemwalo lipo. Nimekaa na methali hiyo miaka mingi, na ninakuambia ni methali mvivu. Lisemwalo lipo, ndiyo, lakini mara nyingi lipo mdomoni tu.

Jambo lililomaliza kila kitu lilikuwa hili. Mama Baluku alikuja kutoka Munkunyu. Alikuwa amempigia mwanawe simu tangu kile kitu kianguke na simu haikuita. Alijua kwamba Thembo na Baluku walikuwa Maliba pamoja. Alikuja na ndizi mkononi, kama kawaida yake, kumwuliza tu Thembo kama mwenzake ni mzima. Thembo alipomwona anaingia langoni, aliruka ua wa nyuma akapotea migombani.

Mwanajeshi, mwanangu. Mtu mwenye bunduki kambini, anamkimbia mama mwenye ndizi.

Kila aliyeliona hilo alisema basi, kumbe ni kweli. Mama Baluku mwenyewe aliziweka ndizi chini taratibu, akaondoka bila kuaga.

Ndipo ikaja siku ile ya soko niliyoanza nayo. Walikuja mchana kweupe. Mbele alikuwa mwenyekiti wa kijiji, mtu mwema, lakini mwema wa kuchaguliwa, akisukumwa kutoka nyuma na waliompigia kura. Vijana walikuwa na fimbo na vipande vya mbao. Mmoja alikuwa na kidumu cha mafuta ya taa. Na katikati yao, kitenge kimefungwa kiunoni kwa nguvu, alikuwa Mama Baluku.

Mwenyekiti alisema hawataki vurugu. Anayesema hataki vurugu mbele ya kidumu cha mafuta ya taa, ujue vurugu imeshafika na inatafuta pa kukaa. Alisema watu wanataka mambo mawili. Thembo atoke aseme alibeba nini. Na aonyeshe alikokificha, ili kichomwe. Akikataa, litachomwa ghala, yeye akiwa ndani au akiwa nje.

Thembo, aliyekuwa amerudi ghalani usiku, akatoka. Alisimama mbele ya ghala, miguu pamoja, mikono ubavuni, kama mtu aliyepangwa mstarini peke yake. Wakamwuliza alibeba nini. Kimya. Wakamwuliza tena, wakamtukana, wakamwita mchawi wa serikali. Kimya. Mimi niliuinua mwiko hata bundu ikadondoka. Nilitaka kumpigia kelele aseme, aseme chochote, hata uongo, awaambie ilikuwa gunia la viazi.

Mama Baluku alijipenyeza mbele.

"Thembo. Mlienda wawili," akasema. "Mwenzako yuko wapi? Hicho ulichokibeba ndicho kilichomla?"

Taya la kaka yangu lilicheza. Hakumtazama. Alitazama juu ya kichwa chake, huko kwenye milima. Mwanangu, kama kimya kile kingekuwa cha uongo, kingekuwa chepesi. Kilikuwa kinamwinamisha.

Jiwe likatoka nyuma ya watu. Lilimpata juu ya jicho. Damu ikashuka shavuni na hakuipangusa. Kijana wa kidumu akaanza kumwagia mafuta mlango wa ghala, na ile harufu, mwanangu, ndiyo niliyokuwa nikiisikia kwenye chakula mwezi mzima baadaye.

Hapo Mukaka akasimama.

Alikuwa amekaa mlangoni mwa nyumba muda wote ule na ungo wake, mdogo kiasi kwamba watu walikuwa wamemzunguka kama wanavyozunguka kisiki. Akatembea katikati yao. Walimwambia asimguse Thembo. Hakumgusa. Alisimama mbele yake, akanitazama mimi pale jikoni, akamwinulia uso Thembo, kisha akamwuliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia. Hakuuliza kilichoanguka. Hakuuliza alichobeba.

"Mjukuu wangu, unakula peke yako kwa sababu ya jeshi, au kwa sababu ya kwetu?"

Thembo alifumba macho.

"Ya kwetu, Mukaka."

Basi. Hayo tu. Mukaka alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa jibu la jambo alilokuwa analijua tangu siku ya kwanza na alikuwa anaomba liwe la uongo. Kisha akageuka akamtazama Mama Baluku. Nikauona uso wa Mukaka ukibadilika, nami nikaelewa.

Kwa maana katika ukoo wetu, aliyembeba maiti hamegi kikapu kimoja na watu, hashiki mkono wa mtu wala halali kitandani, mpaka wenye marehemu wamelia. Akifanya hivyo kabla, amekula machozi ya wengine. Kila mzee uani pale aliijua mila hiyo. Lakini walikuwa wanatazama juu, kwenye sahani ya angani, na hakuna aliyeitazama sahani ya Thembo.

"Masika," Mukaka akaniambia, bila kupaza sauti, "zima moto."

Kwetu moto wa jikoni hauzimwi mchana chakula kikiwa juu yake, isipokuwa kwa jambo moja. Nilimimina mtungi mzima. Mvuke ulitoka mlangoni na kunifunika, na ulipotawanyika niliona wanawake wazee katika kundi lile wanavua vilemba vyao, mmoja baada ya mwingine. Wanaume wakaanza kuvua kofia. Kijana wa kidumu alikuwa bado anauliza kuna nini, kuna nini, mpaka mama yake mzazi alipomfuata, akamnyang'anya kidumu na kumwonyesha mahali pa kukaa.

Mukaka alimshika Mama Baluku mikono yote miwili.

"Njoo ndani tukae, binti yangu."

"Sikuja kukaa. Nimekuja kuuliza."

"Najua. Njoo ukae, ndipo uulize."

Wakaingia. Kisha kilio kikatoka ndani, kile kilio ambacho hakihitaji mkalimani, na Thembo akapiga magoti pale pale aliposimama.

Baadaye tuliambiwa yote. Kile chuma kilikuwa kimeanguka mahali pabaya, na waliamriwa wakishushe. Ardhi ilikuwa imelowa mvua, ikaachia, Baluku akaenda nayo korongoni. Thembo alishuka akamtoa, akamfunga turubali, akambeba mwenyewe kijia kizima, akakataa kupokewa. Wakubwa walisema watakwenda wenyewe Munkunyu kumjulisha mama, kwa heshima, na mwili na bendera. Hadi hapo hakuna kusema. Wakachelewa. Wakubwa huchelewa. Kumbe Thembo alikuwa amefungwa mara mbili, kwa amri ya jeshi na kwa mila ya kwetu, akaja nyumbani akidhani angalau nyumbani watamsoma bila kusema. Aibu ya maiti aijuaye ni mwosha, na sisi tulimwendea mwosha na mafuta ya taa.

Mukaka alitoka akasimama kizingitini. Mwenyekiti alianza kuomba radhi, akamkatisha kwa mkono.

"Mlitaka kujua alibeba nini. Sasa mmesikia. Hizo fimbo zenu msizitupe. Zipelekeni Munkunyu, kwa mama huyu. Watu watakuwa wengi na moto utahitaji kuni."

Wakaondoka mmoja mmoja, fimbo begani. Mwenyekiti mwenyewe alibeba mbili.

Mama Baluku alitoka akiwa ameshikiliwa na wanawake. Alikwenda hadi mbele ya Thembo. Nilishika mwiko tena, Mungu anisamehe, kwa mazoea.

"Ulimbeba wewe?" akauliza.

"Mimi, Mama. Sikumweka chini popote."

Akashika ncha ya kitenge chake, akampangusa damu juu ya jicho, polepole, kama anavyopanguswa mtoto. Ndipo kaka yangu alipolia. Na wakubwa walipofika hatimaye, wakakuta msiba umeshawaka moto, wakamwuliza Thembo kwa ukali ni nani aliyetoa habari. Aliwajibu, "Hakuna, afande. Mimi nimeulizwa habari ya kula." Ilikuwa kweli tupu, na hawakupata kifungu cha kumshtaki nacho.

Kilichoanguka Maliba hadi leo sijui. Walikichukua. Thembo anasema kilikuwa kipande cha chuma kama mlango, kimeungua upande mmoja, na ndani yake hapakuwa na mtu mfupi wala mrefu. Mimi mtu wa jikoni nimeamua ni sufuria ya mtu fulani huko juu. Nikimwambia hivyo ananiambia ninyamaze. Musafiri yeye anashikilia kwamba abiria walishuka mapema.

Kwenye msiba ule nilimlalamikia Mukaka kwamba Thembo angeniambia mimi tu, dada yake, ningeitunza siri. Alinitazama kwa huruma.

"Wewe? Ungemwambia kwa siri mtu mmoja mmoja, hadi kijiji kiishe," akasema. Kisha akaacha utani. "Habari ya kifo ina mwenyewe, Masika. Ukiishika kabla yake, umemwibia. Ukiifikisha kabla yake kwa watu wengine, umemwibia mbele ya watu."

Mwanangu, ninayaandika haya kwa sababu juzi, hapa hapa kwetu, kijana wa pikipiki aligongwa na lori njia ya forodha, akafa. Mmoja wenu, simtaji, anajijua, alipiga picha akaituma kwa watu kabla vumbi halijatua. Mama wa yule kijana alikuwa anauza nyanya. Alimwona mwanawe kwenye simu ya mteja. Hakuna aliyemshika mikono. Hakuna aliyemwambia njoo ukae. Nimeshindwa kulala nikifikiria zile nyanya.

Basi chukua haya kwangu, ingawa mimi ni mtu wa kufuata moshi na sijaona dunia. Ukikuta habari nzito njiani, jiulize kwanza mwenyewe ni nani na kama ameshaipata. Kama hajaipata, ikalie. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na siku hizi ulimi uko kidoleni. Ukimwona mtu amenyamaza, usikimbilie kusema anaficha. Huenda ameshika neno la mwingine na anatafuta mlango wa kulifikisha. Usimwulize alichobeba. Tazama anavyokula, anavyolala, anavyosimama, ndipo uulize swali dogo analoweza kulijibu bila kuvunjika. Na wewe ukipewa neno lisilo lako, usilikimbie kama kaka yangu alivyokimbilia migombani. Mtafute mzee mmoja ukae karibu naye, hata bila kusema, mpaka akuone.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akupe kidole kizito na moyo mwepesi. Siku ya furaha yako, habari ikukimbilie uwe wa kwanza kuipata. Na siku ile nyingine, ambayo hakuna anayeikwepa, ikufikie ukiwa umeketi, mikono yako ikiwa ndani ya mikono ya mtu anayekupenda.